Sahani ya Bradha Anyitike

Mwaka umetimia, Bradha Anyitike, tangu ulipotuacha, na familia yako haijanyamaza hata siku moja. Utusamehe. Wewe ulichagua ukimya wa monasteri. Sisi tulibaki Chapwa, mpakani, kando ya malori.

Tunakumbuka upole wako na mizinga yako ya nyuki. Kila ulipokuja likizo uliificha asali ndani ya gunia la mkaa, ukiwashuku wapwa zako wote, na kwa haki kabisa.

Lakini tabia hiyo ya kushuku uliirithi kwa mama yako, Bibi Tulinagwe. Siku ya maziko, watawa wenzako waliimba taratibu, wakafukia, wakanyamaza. Hakuna aliyelia. Bibi aliwakagua mmoja mmoja kama askari wa mpakani.

"Hawa hawakumpenda," alinong'ona, kwa sauti iliyofika altareni. "Mwanangu tunamrudisha Ileje, kwa babu zake." Mpwa wako Danford akatumwa kutafuta lori, Fuso.

Mezani kwa watawa mambo yakazidi. Sahani yako ilipakuliwa wali na maharage, ikawekwa mahali pako pamoja na msalaba mdogo. Hakuna aliyeigusa. Baadaye ikatolewa kwa mlango wa nyuma, ikapelekwa getini.

"Anayekula ni nani?" Bibi akauliza.

"Mama, ni mila yao," akasema dada yako Gwantwa.

"Mila ina tumbo?"

Kesho yake Bibi akajitanda kanga ya shamba mpaka puani, akajibanza getini ili amnase mlaji. Bradha Kefa, bawabu, akatoka na sahani, akamjia yeye moja kwa moja.

"Karibu ule, mama. Ni fungu la ndugu yetu marehemu. Mwezi mzima tunampa mhitaji atakayefika getini. Umwombee."

Bibi akaitazama ile sahani. "Mimi ndiye niliyemzaa."

Hapo Bradha Kefa, tuliyedhani ni wa mbao, akaketi vumbini akalia kwa sauti, kilio cha Ileje kabisa, mpaka Abate, mkuu wao, akatoka mbio. Bibi akala. Tonge la mwisho akamlisha Kefa.

"Danford, mwambie mwenye Fuso asije."

Kwa hiyo umebaki kwa ndugu zako watawa. Leo Bibi yuko getini tena. Safari hii sahani ameileta yeye, na anamngoja mhitaji. Abate naye, Bibi bado anamchunguza.

Unakumbukwa na mama yako Tulinagwe, dada yako Gwantwa, shemeji yako Mbonile, mpwa wako Danford, na Bradha Kefa, aliyeingizwa kwenye ukoo bila kuulizwa.

Hatutakusahau kamwe, wala hatutanyamaza.