Pale Meya Alipomtua Bibi

Jumatatu, 4 Agosti

Kidato cha tatu wamenichekesha leo. Swali langu: Meya wa riwaya yetu, yule aliyembeba bibi kizee kuvuka tope, ni mtu wa namna gani? Darasa zima: ana huruma! Ana huruma! Halafu yule msichana anayependa kusinzia akanyoosha mkono. Eti kwanza tutazame alimtua wapi. Kweli — alimtua katikati ya tope, mara tu mpiga picha alipofunga kamera! Nimempa alama zote.

Nyumbani mama kanikumbusha: shangazi wa Mwalimu wa Hesabu wa shuleni kwetu anakuja Ijumaa kuchukua jibu la posa yake kwangu. Kana kwamba naweza kusahau!

Jumatano, 6 Agosti

Hesabu kanibebea madaftari ya darasa zima — mbele ya mkuu wa shule. Meno yote nje. Mkuu alipoingia ofisini kwake nikangoja kutuliwa topeni. Hakunitua. Lakini njiani alisimama kusalimia kila mwalimu, mzigo ukionekana vizuri. Meya mtupu!

Mwenzangu wa Jiografia anasema nimezidi, mwanamume hasahihishwi kwa kalamu nyekundu. Sawa. Ila nitaishi naye hata siku ambazo hakuna wa kumpigia makofi. Hilo ndilo linalonitisha.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimerudi shule kufuata miwani. Wote wameshaondoka, lakini ofisi ya walimu ina kishindo. Nimechungulia dirishani — Hesabu! Kapiga magoti, anagongelea mguu wa kiti changu, kile kinachoyumba tangu muhula uliopita. Nilikilalamikia mara moja tu, tena si kwake. Kamaliza, kakikalia kukijaribu — puu! Chini. Kageuka huku na huku kuhakikisha hakuna aliyemwona. Kajikung'uta suruali, kaanza upya.

Mbavu zinaniuma kwa kubana kicheko. Naandika hapa hapa nje, nimeegemea ukuta. Simu inatetemeka: mama. Shangazi kafika, chai inapoa, niko wapi? Nimejibu niko njiani. Uongo mtupu! Miwani yenyewe nimeikuta kwenye mkoba, na bado sijaondoka. Kidato cha tatu wangenisoma hata bila kuulizwa swali.

Sasa anakikalia tena. Taratibu, kashika meza. Mungu wangu, asianguke —