Ile Karatasi ya Kupanda Miti

Butembo, tarehe 3 mwezi wa sita 2024

Mama Orpa mupendwa,

Yesu asifiwe. Magoti inaendelea namna gani? Ile dawa ya kupakaa nilitumaka kwa Zacharie wa pikipiki, ulipata ama aliisahau tena? Sisi hapa tuko wazima, kazi tu njo inatumaliza.

Mama, niko na ulizo. Unajua tunapitisha ligne ya courant, umeme, kutoka Butembo mupaka Beni, na kwenu Kalunguta maternité njo itapata wa kwanza. Ile siku balinichagua DG, mukubwa wa société ya umeme, nilikuahidi: hakuna mwanamuke atazala tena na mwangaza ya telefone. Mais ba-agents bangu banaweka piquets, vijiti ya alama, leo, kesho banakuta zimeng'olewa. Zote! Conseil yenyi kusimamia société balinipatia mupaka mwezi wa tisa kumaliza kazi. Bengine bananiambia nitume polisi. Uniulizie pole pole: ni nani anang'oa, na juu ya nini?

Mutoto wako,
Hadassa

Kalunguta, tarehe 9 mwezi wa sita

Hadassa mutoto wangu,

Salamu mingi mu jina ya Bwana. Magoti inalia kama mulango ya temple, kanisa yetu, mais inanifikisha ku shamba. Dawa nilipata. Zacharie alitaka kujipakaa, nikamukatalia.

Unauliza nani anang'oa. Ni mimi. Mimi Orpa, mama ya DG, pamoja na Kavuo jirani yangu na bamama bengine. Kama ni polisi, hapana kubatuma, ukuje unifunge wewe mwenyewe.

Ulitutumia karatasi, na signature yako chini: «Société itapanda miti ndani ya mashamba.» Hadassa! Bureau ilikulisha nini? Hapa mutu analima maharagi, analima muhogo, anavuna, anapelekea mwenyi udongo mbuzi yake. Lakini muti, hapana. Mwenyi kupanda muti njo mwenyi udongo. Miaka makumi tatu nalima kwa mzee Kasonia, hata muti moja ya avoka sikupandaka. Leo société inakuja kupanda miti kilomita na kilomita bila kuuliza mutu? Kasonia anasema: «Mutoto wa Orpa anatunyanganya udongo na karatasi moja.» Nilipata haya, nikaenda kung'oa wa kwanza.

Wewe binti moja tu kati ya vijana makumi ine ba masomo ya électricité! Ulisoma compteurs ya umeme ya Butembo na miguu, mvua ikikunyeshea. Ulipanda juu ya poteaux, nguzo za umeme, na pantalon, bamama ba temple bakakusema, nikabajibu: muache apande. Kumbe kupanda juu unajua, kupanda chini umesahau.

Mama yako,
Orpa

Butembo, tarehe 12 mwezi wa sita

Mama,

Salamu. Ubarikiwe na afya. Nimesoma barua yako mara ine. Kwanza nilicheka, alafu nikafunga mulango ya bureau juu ya haya. Kwa Kifaransa tunasema «planter un poteau», kupanda nguzo, hata kama ni kuisimamisha tu. Nikaihamisha mu Swahili vile vile, mimi mutoto wa Kalunguta.

Polisi hapana. Nitumie jibu na Zacharie: mutu akiomba udongo anakuja na nini, na anasema nini kwanza? Nitakuja samedi.

Mutoto wako,
Hadassa

Kalunguta, tarehe 27 mwezi wa sita

Hadassa wangu,

Nakusalimia na furaha. Tangu ulienda, Kalunguta haina maneno ingine. Ulifika na miguu kutoka barabara, ukivuta mbuzi wewe mwenyewe, DG muzima! Ukakaa ku kiti kadogo mbele ya Kasonia, ukapasua ile karatasi. «Nilikosea. Hatupande kitu. Tunasimamisha. Udongo ni yenu, tunaomba fasi ya kusimama tu.» Alafu Kasonia na ujanja yake: «Na poteau ikioza, kuni ni ya nani?» Ukajibu: «Ya mwenyi shamba.» Batu balicheka mupaka machozi. Mimi machozi ilikuwa ya kweli.

Mais Delphin, ingénieur wako, alinisikilizisha kitu kibaya. Ati utaomba shamba kwa shamba mupaka Beni, na hivyo mwezi wa tisa itapita, na conseil banakasirika. Ni kweli?

Wasingya, aksanti, mwana wangu. Mama yako,
Orpa

Butembo, tarehe 15 mwezi wa kumi

Mama mupendwa,

Amani kwako. Mimi niko muzima, usiogope.

Ni kweli. Tuliomba mu mashamba mia tatu na zaidi, mupaka commune Ruwenzori kule Beni. Hakuna mutu alikatala. Mais mwezi wa tisa ilipita, na jana conseil balivote. Mimi si DG tena.

Nililia saa moja, nikanawa uso. Ningetuma polisi, ningebaki ku kiti, mais singeweza kukaa juu yake na roho safi. Ligne itaisha mu siku kidogo. Siku ya kuwasha hawakunialika. Nitakuwa Kasindi, dépôt moja ya mizigo inatafuta ingénieur. Na mama, tafazali, hapana ng'oa kitu!

Mutoto wako,
Hadassa

Kalunguta, tarehe 8 mwezi wa kumi na mbili

Hadassa wangu,

Bwana akulinde kule Kasindi. Magoti hapana uliza, leo iko na habari kubwa.

Jana bakubwa balikuja na mitukari ine. DG mupya alisoma discours ndefu. Alishukuru conseil, alishukuru ba-partenaires, alishukuru mupaka mvua. Jina yako, hata mara moja.

Akanyoosha mukono ku bouton ya kuwasha. Kasonia akasimama: «Hapana. Wewe haukuomba hapa. Mwenyi aliomba fasi njo anawasha. Eko wapi?» DG akacheka kidogo, akasema courant haina desturi. Hakuna mutu alicheka naye. Bamama bakakaa chini mbele ya cabine, kale kajumba ka courant, Kavuo wa kwanza. Saa mbili nzima! Bakubwa banaangalia montre yao.

Mwisho Delphin akasema: «Mama yake eko hapa.»

Balinisukuma mupaka mbele. Nikanyoosha mukono ku bouton. Nikasema na nguvu, DG asikie: «Hii mukono ni ya Hadassa.» Nikafinya.

Maternité iliwaka yote, kila dirisha. Batu balipiga kelele ya jina yako mupaka bakubwa bakaingia mu mitukari. Nina kiburi juu yako, Mungu anisamehe, na sitaitubu.

Kuja dimanche ukule hapa. Kasonia anasema wewe si mugeni, hautaomba tena.

Mama yako,
Orpa