Sifuri Niliyompa Felicitas

Kashai, Bukoba
13 Julai 2025

Mpendwa Kaka Mutembei,

Shikamoo kaka. Habari za Mtwara? Wifi na watoto hawajambo? Na mgongo wako, umetulia? Huku tu wazima. Kiangazi kimeingia, kahawa imeanikwa kila ua, na Mama amerudi shambani kupunguzia migomba majani ingawa tulimkataza.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu ya aibu. Kwenye simu ningekueleza nusu tu.

Unakumbuka nilivyojisifu kwamba chuoni nimekabidhiwa mambo ya kidijitali katika idara yetu ya biashara. Wanafunzi wanajifunza kuendesha duka kwa mchezo wa kompyuta, kazi zao wanatuma mtandaoni, na programu inanionyesha ipi imeandikwa na akili bandia. Programu ile niliiamini kuliko macho yangu.

Mwezi wa tano niliwatuma wakachunguze biashara moja ya kweli. Felicitas, binti wa kijiji cha Izigo huko Muleba, aliandika juu ya mama yake na wanawake wenzake wanaouza kahawa kwa pamoja. Kiingereza chake kilinyooka. Programu ikasema ni kazi ya mashine, nami sikubisha, kwa kuwa moyoni nilishaona msichana wa kijijini hawezi kuandika vile. Mimi, kaka, niliyetoka kijijini hukohuko.

Nikampa sifuri. Tena nikamsimamisha mbele ya darasa na kumwita mwongo. Kesho yake hakuonekana, wala wiki mbili zilizofuata.

Ndipo nikaenda Izigo. Nilimkuta anamenya ndizi. Akainuka kunipisha kwenye kigoda. Mama yake, Renatha, akamwambia alete simu na daftari. Nikasikiliza mahojiano yote: mama akieleza kwa Kihaya wanavyochagua kahawa, binti akiuliza na kurudia kuuliza. Daftarini kulikuwa na Kiingereza kilekile, kimefutwafutwa na kuandikwa upya kwa mkono wake.

Renatha hakunigombeza. Alisema tu, kwa ile heshima yetu ya Kihaya, "Mwalimu waitu, ungemwuliza."

Niliwaomba radhi palepale. Jumatatu nikaomba radhi mbele ya darasa lilelile, nikarekebisha alama, nikaiambia idara kwamba sitamhukumu mtu kwa programu kabla ya kuketi naye.

Felicitas amerudi. Ananisalimu kwa heshima, lakini anakaa nyuma na hanyooshi tena mkono. Alama niliweza kumrudishia. Ule mkono sijui niurudisheje. Wewe umefundisha miaka mingi. Kama yamewahi kukufika, niambie ulifanyaje, wala usinionee huruma.

Nisalimie wifi, Projestus na mdogo wake Sada. Mama anasema mle vizuri na msisahau kusali. Mungu awafunike kwa mkono wake huko mliko.

Mdogo wako akupendaye daima,
Judica