Kamba ya Bluu ya Kobe

Jumanne, 4 Juni

Mdogo wangu,

Nakuandikia barua pepe kwa sababu kwa simu ningekutukana. Mimi mzima, Mama mzima, goti lake limetulia. Wewe nadhani u mzima, maana video zako zinatoka kila siku.

Leo asubuhi msimamizi wa usalama ametangaza kwamba Kobe hapandi tena kamba mpaka kikao cha usalama kitakapokaa. Alisema hayo katika chumba cha kubadilishia nguo, mbele ya timu nzima, simu mkononi. Kwenye simu ilikuwa video yako: "Mzee Anacheza na Kifo Ghorofa ya Tisa."

Nikukumbushe kidogo, maana wewe unamjua Kobe kwa picha tu. Tunasafisha vioo vya maghorofa tukining'inia kwa kamba. Kila mtu ana kamba mbili: nyekundu inayombeba, na ya bluu inayomdaka kama nyekundu ikikatika. Kobe ndiye aliyenifundisha kufunga zote mbili. Jina hilo tulimpa kwa sababu anakagua kila fundo mara mbili, na sisi wengine tunamsubiri huku tumeshavaa glavu. Mtu huyo ndiye uliyeandika juu yake kwamba anacheza na kifo.

Msimamizi alimwuliza, "Kamba ya bluu iko wapi hapa?"

Kobe akatazama simu. "Sioni," akasema. "Lakini nilikuwa nayo."

"Haionekani."

"Nimesema nilikuwa nayo."

Basi. Akavua mkanda, akautundika. Hakuna aliyecheka, na timu yetu hucheka hata kwenye mazishi.

Ondoa video hiyo leo.

Dada yako

*

Jumatano, 5 Juni

Dada,

Shikamoo. Huku niko salama, kikohozi tu cha vumbi. Mpe Mama pole ya goti.

Nimesikitika kuhusu mzee, kweli. Lakini naomba tuwe wakweli. Kamera hiyo tuliichagua pamoja. Mimi nilitaka ile yenye picha kali zaidi, wewe ukakataa dukani mpaka muuzaji akaenda kunywa maji. Ulitaka ngumu: inayovumilia maji ya sabuni, inayoanguka bila kufa, yenye vifuniko vya lenzi vya kubadilisha vikichubuka, na kitufe kimoja kinachobonyezeka ukiwa umevaa glavu. Ulishinda. Na sifa yake kubwa ni kwamba inaona pande zote kwa wakati mmoja. Wewe unapanda nayo, mimi nikikaa mezani ndipo nachagua tutazame wapi. Siwezi kuongeza kitu, siwezi kupunguza. Nageuza shingo tu.

Nimeitazama tena polepole. Kobe yuko chini yako kidogo, kamba nyekundu inapita mbele yako kwenda paani, ya bluu haipo. Labda aliisahau. Binadamu husahau, hata kobe.

Kichwa cha habari ni biashara. "Mzee Anasafisha Kioo kwa Uangalifu" nani angefungua? Video hii imetazamwa kuliko zote tulizowahi kutoa tukizijumlisha. Nikiiondoa sasa watu watasema tunaficha.

Mdogo wako

*

Ijumaa, 7 Juni

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Salamu zako kwa Mama zimefika. Hakufurahi, kwa sababu jirani alishamwonyesha video na kumwuliza kama binti yake anafanya kazi na vichaa.

Unasema binadamu husahau. Jana nilimkuta Kobe getini, wamempa kazi ya kupanga ndoano na magurudumu ya kamba kwenye makreti. Nikamwambia, "Mzee, nieleze siku ile."

"Unataka nijitetee kwako pia?"

"Nataka kujua kamba ya bluu ilipita wapi."

"Ilipita begani kwako, mwanangu. Karibu na kile kidude chako. Mpaka ukaniambia, sogeza mzee, inanigusa."

Nikakumbuka. Niliisema. Kamera ilikuwa kwenye fimbo iliyofungwa begani kwangu, na kamba yake ilikuwa inaning'inia ubavuni mwa kamera, karibu kabisa.

Sasa nijibu wewe uliyekaa mezani. Katika video zetu zote, fimbo inayoshika kamera inaonekana wapi? Haionekani. Watazamaji wako huuliza kila siku nani anarusha kamera hiyo angani, nawe huwajibu kwa vicheko. Kamera ina lenzi mbili, moja mbele, moja nyuma. Programu inaziunga, na pale kwenye mshono kitu chembamba kilicho karibu kinamezwa. Ndivyo fimbo inavyopotea. Wewe ndiye uliyenifundisha hilo siku ya kwanza, ukanionya: usiweke jambo la maana kwenye mshono.

Sikukuamini wewe wala sikumwamini Kobe, nikajaribu. Nilifunga kamba ya bluu kwenye boriti ya stoo, nikaweka kamera ubavuni mwake kama siku ile, nikarekodi. Kwenye simu yangu boriti ipo, ukuta upo, makreti yapo. Kamba hakuna. Sentimita chache tu mbele au nyuma, inarudi. Chini ilikofungwa kwenye mkanda wake, siku ile mgongo wake ulikuwa umeifunika.

Hukugeuza shingo tu. Ulimtazama mtu kupitia mahali unapojua pana tundu, kisha ukamwita mzembe mbele ya dunia.

Faili ghafi unalo wewe. Kadi yangu niliifuta uliponiambia umehifadhi. Lifungue kabla halijaungwa, tazama kila lenzi peke yake. Kikao ni Ijumaa ijayo. Kikisema hana kibali cha kazi za juu hapa, hapati popote. Ana miaka hamsini na nane na hajui kazi nyingine.

Dada yako

*

Jumatatu, 10 Juni

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kikohozi kilinilaza.

Nimefungua. Picha zinakuja kama sahani mbili za duara. Kwenye sahani ya nyuma, ukingoni kabisa, kuna mstari wa bluu umepinda kama upinde, kutoka juu hadi chini. Kwenye sahani ya mbele, ukingo wa pili, upo tena, mwembamba zaidi. Ni kamba.

Sasa nisikilize kabla hujawaka. Nina wazo. Nikiondoa video leo, chaneli inapoteza kila kitu ilichopata. Tusubiri kikao kipite. Wakati huo nitatengeneza video ya pili: "Ukweli Kuhusu Mzee wa Ghorofa ya Tisa." Watu wanapenda kugeuziwa hadithi. Yeye mwenyewe aje aeleze, tumpige picha getini na makreti yake. Atapendwa! Kuna duka la vifaa vya kazi tayari limeuliza kama linaweza kumvalisha helmeti yao.

Kwa kikao nitakutumia picha moja ya hiyo sahani. Inatosha.

Mdogo wako

*

Jumanne, 11 Juni

Mdogo wangu,

Leo salamu ziko chini, nikifika.

Umemuuza akianguka, sasa unataka kumuuza akiinuka. Na hata kuanguka hakuanguka. Wewe ndiye uliyemsukuma, ukiwa umekaa kwenye kiti.

Picha yako moja nimempelekea msimamizi wa usalama. Nakunukulia jibu lake: "Mstari wa bluu hata mwanangu anaweza kuuchora." Ni mtu mwenye haraka ya kuhukumu, na leo mchana nilimweleza hivyo nikiwa nimesimama, wala sijutii. Siku ile paani alikuwepo, na kukagua kamba ni kazi yake. Alikagua nini? Badala ya kujibu hilo ameamini simu. Lakini kwa picha moja, nasema kwa uchungu, ana haki. Baada ya kazi yako nani ataamini picha kutoka kwako? Anataka faili zima, jinsi lilivyotoka kwenye kamera, lifunguliwe mezani mbele ya kikao na yule anayelitunza. Yaani wewe, mwili na miguu.

Nilimweleza Kobe wazo lako la video ya pili. Nilidhani atakasirika. Akauliza, "Hiyo helmeti, wataniambia nicheke?" Kisha akarudi kwenye ndoano zake. Mwanawe alimwuliza juzi kama ni kweli amekuwa akihatarisha maisha yake miaka yote hii akiwadanganya nyumbani. Hilo aliniambia akiwa ameniinamia, asisikike na mlinzi.

Kamera nimeivua begani. Imo ndani ya droo, na nimepanda leo bila yake. Kioo kimetakata vilevile.

Hizi ndizo salamu: Mama anasema usimpigie mpaka uwe umefanya jambo.

Dada yako

*

Jumatano, 12 Juni, asubuhi

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima.

Video nimeiondoa leo saa moja asubuhi. Mahali pake nimeweka nyingine fupi, haina muziki. Nimeonyesha sahani mbili na kamba, nikaonyesha mshono unavyoimeza, nikasema kichwa cha habari kilikuwa changu na kilikuwa uongo. Uso wangu upo, wa Kobe haupo. Wanaitazama wachache, na wengi wa hao wananitukana. Mmoja ameniita fundi wa kupofusha. Duka la helmeti limeniandikia kwamba halitaendelea.

Nimekata tiketi ya basi la kesho asubuhi, nafika jioni. Diski yenye faili naibeba mwilini, siweki kwenye mzigo. Kikao si saa nne?

Sijui nimwambie nini nikimwona. Naomba unisaidie.

Mdogo wako

*

Jumatano, 12 Juni, jioni

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Kunywa dawa ya kikohozi, chumba cha mikutano hakina dirisha.

Kikao kimewahishwa. Msimamizi wa usalama ametangaza mchana huu kwamba kitaanza saa mbili asubuhi, na faili lisipokuwa mezani saa mbili, kibali kinafutwa bila mjadala. Nimemwuliza kwa nini saa zimebadilika. Amesema ratiba. Nimemwomba aandike neno hilo na sahihi yake. Amekataa.

Kuhusu la kumwambia Kobe, sikusaidii. Nilimwambia tu kwamba unakuja. Akafunga kreti, akauliza, "Atalala wapi huyo kijana?" Nikamjibu kwamba utalala kwangu, sakafuni. Akasema nikuwekee godoro, safari ni ndefu.

Nimeweka. Ni kwa ajili yake, si kwa ajili yako.

Ijumaa, saa mbili kamili asubuhi, chumba cha mikutano, ghorofa ya chini. Kobe atakuwa getini tangu saa moja, nanyi mtaingia pamoja. Leta diski na nakala yake ya pili.

Dada yako