Bima Mbili za Gari la Joakimu

S.L.P. 27,
Dongobesh, Mbulu.
15 Machi 1999

Mpendwa mdogo wangu Natalia,

Shikamoo yako ya Krismasi niliipokea, nami naiitikia marahaba, ingawa imetembea miezi miwili njiani kama ng'ombe mgonjwa. Habari za Songea? Shemeji Nicodemo mgongo wake unaendeleaje, na watoto wanasoma? Sisi huku tu wazima. Mimi magoti yananisumbua asubuhi tu, jua likishatoka natembea kuliko hawa wasichana wa sasa. Mvua zimeanza, maharage yametoka vizuri, na yule ng'ombe mwekundu amezaa jike.

Utaona mwandiko huu si ule uliouzoea. Barua zangu zote za nyuma aliziandika Philomena, mke wa Joakimu. Mimi nasema, yeye anaandika. Hii naiandika mwenyewe kwa mkono wangu wa darasa la nne, leo siku ya tatu, kwa hiyo usicheke. Ina mambo ambayo siwezi kumwambia mtu mwingine ayaandike.

Mwanangu unamjua. Miaka kumi na moja kwenye shamba la ngano la serikali, anaendesha kombaini, na msimamizi mwenyewe alikuwa akisema Joakimu akipita shambani ndege hapati punje ya kuokota. Shamba lilipoanza kupunguza watu, wenzake walipokea kiinua mgongo wakakinywa chote pale Katesh, wakarudi kwa mama zao na viatu vilevile. Wangu alinunua pikapu. Toyota nyeupe, milioni nne. Toka hapa mpaka Katesh nionyeshe mama mwingine aliyekaa mbele kwenye gari la mtoto wake wa kumzaa. Nilishakuandikia hili, lakini jambo zuri halichoshi.

Sasa nikueleze la bima, maana lilianzia hapo.

Gari lilikuwa bado kwa fundi Arusha, na Joakimu alikuwa anamalizia mavuno yake ya mwisho, hawezi kutoka. Akatutuma mimi na Philomena na pesa mkononi. Alisema tuulize ofisi zote kwanza, tupime bei, tuchague inayofaa. Zamani ilikuwa ofisi moja tu ya bima, unalipa wanachosema unaondoka. Siku hizi zimefunguliwa nyingine, zinakuita mama karibu, mama kaa.

Tulipanda ngazi za ofisi tatu siku moja. Kila ofisi ina bima kubwa na bima ndogo. Kubwa, wa kwanza alisema laki nne na nusu, wa pili laki nne, wa tatu laki tatu na tisini pamoja na kalenda. Ndogo ni elfu arobaini kwa huyu na elfu thelathini na tano kwa yule. Philomena akakaa kwenye ngazi na yale makaratasi, akasoma mpaka nikaona njaa.

"Mama, tuchukue kubwa ya yule wa tatu," akaniambia. "Ndogo inamlipa yule uliyemgonga. Wewe mwenye gari huambulii kitu."

"Joakimu amgonge nani? Miaka kumi na moja hajagonga hata sungura."

"Siyo kugonga tu, mama. Hata likianguka, hata likiungua."

"Kumbe wewe unaliombea lianguke."

Akainama, akakunja makaratasi yake.

Natalia, wewe unakumbuka ng'ombe wa baba. Baba hakuwahi kuweka ng'ombe wote zizi moja. Sita nyumbani, wanne kwa jirani, na wengine kule chini tambarare kwa Gidamis, yule mfugaji wa Kibarbaig rafiki yake, ambaye baadaye alihama mara tatu kuipisha ngano ya serikali na bado ng'ombe zetu akahama nazo. Mwaka ule wa ugonjwa wa ndigana zizi letu lilibaki mavi matupu. Ni ng'ombe wa kwa Gidamis waliotulisha mimi na wewe. Basi mimi pale Arusha nikajiambia, akili ni ileile. Kwa nini nimwage laki nne kwa mtu mmoja? Nitaweka bima ndogo huku na bima ndogo kule. Huyu akishindwa, yule atalipa. Ndogo mbili zikikutana ni kubwa, na bei haifiki hata laki.

Philomena alinishika mkono mlangoni. "Mama, bima siyo ng'ombe." Nikamwambia kidato cha nne chake hakijawahi kukamua. Nikalipa yule wa arobaini, nikavuka barabara nikalipa yule wa thelathini na tano. Chenji nilimrudishia Joakimu, akanunua matairi mapya, akanibusu mkono. Akaona stika mbili kwenye kioo, nikamwambia tumekupimia vizuri, mwanangu. Hakuuliza zaidi. Ndiyo nikakuandikia ile barua ya mwezi wa tisa, kwamba gari la Joakimu lina bima mbili wakati magari ya wakubwa yana moja, na kwamba wazo hilo nililitoa mimi kichwani mwangu. Unayo. Mwandiko ni wa Philomena.

Desemba, siku ya mnada, mvua imenyesha usiku kucha, Joakimu alikuwa anateremka na magunia ya vitunguu. Breki zikakatika kwenye mteremko wa kuingia sokoni. Aliruka, mguu ukavunjika. Gari likaenda lenyewe, likaingia kwenye banda la mashine ya kusaga la Margwe, likalala, likawaka. Mungu mkubwa, hakukuwa na mtu ndani. Lakini banda lilikwisha, mashine ilikwisha, na gari letu likabaki bati jeusi.

Nilikwenda Arusha mwenyewe, kifua mbele. Ofisi ya kwanza wakanisikiliza vizuri, wakaniandikia, wakalipa. Walimlipa Margwe. Nikavuka barabara. Yule wa pili akasoma, akasema Margwe ameshalipwa na wenzake, halipwi mara mbili. Nikamwuliza, na gari? Akanionyesha mstari kwenye karatasi kwa kalamu yake, taratibu, kama anamfundisha mtoto. Ni mstari uleule aliousoma Philomena kwenye ngazi.

Sasa Margwe ana mashine mpya ya rangi ya bluu na mabati yanayong'aa mpaka kwangu. Nilipita na debe langu, akaniita mbele ya watu wote. "Mama Joakimu, wewe saga bure. Bima zako ni nzuri sana, ukikata nyingine niambie nikae njiani." Watu wakacheka mpaka unga ukawapalia. Nikarudi na mahindi yangu. Tangu siku hiyo nasaga kwa mwingine, mwendo wa saa nzima.

Joakimu alipotoka hospitali na mguu wake, ukoo ulikaa. Bura, kaka wa marehemu mume wangu, ndiye aliyeongoza. Akauliza swali moja. "Nani aliyechagua bima hizi?"

Natalia, Joakimu alikuwa amekaa mbele yangu, mguu kwenye kigoda, amekonda, ananiangalia. Mtoto yule hajawahi kuniangalia kama mtu mjinga. Nikasema, "Mimi nijue wapi mambo ya makaratasi? Aliyesoma ni mke wake. Alikaa kwenye ngazi akasoma yote, akachagua."

Wakaniamini hapohapo. Kila mtu anajua nimeishia la nne. Maisha yangu yote kutosoma kumenila, siku hiyo peke yake kulinilisha.

Philomena alikuwa amempakata Zita, mtoto wao wa miaka miwili. Akasema neno moja tu: "Mama, sema."

Nikasema, "Nimeshasema."

Joakimu alimfukuza jioni ile. Philomena akarudi kwao Gitting kwa miguu, na Bura akaamua mtoto abaki huku kwa baba yake. Mtoto alilia siku nne. Siku ya tano akala uji mkononi mwangu, na sasa hanyamazi kwa mtu mwingine ila mimi. Nakwambia hivi ujue mtoto hateseki. Nyumbani kwangu mtoto hateseki.

Najua utakavyosema. Utasema dada, nenda kaseme kweli, mwanao atakusamehe. Labda atanisamehe. Lakini nimemlea yatima, nimelima kwa jembe la kuazima ili avae viatu shuleni, na kijiji hiki chote kinajua gari lile liliungua kwa sababu ya mwanamke. Wewe unataka kiseme ni kwa sababu ya mwanamke yupi? Philomena ni kijana. Aibu kwake ni nguo, ataivua. Kwangu mimi ni ngozi.

Haja yangu ni hii. Philomena ametuma watu wa kwao waseme kwamba wewe una barua yenye maneno yangu. Joakimu amelisikia, na atakuandikia kukuuliza, kama hajaandika tayari. Usimjibu mpaka Pasaka ipite. Baada ya hapo ukitaka mjibu, mwambie ipo barua lakini mwandiko ni wa Philomena, na mwandiko ni wa Philomena kweli. Hutakuwa umesema uongo wala hutaungama kitu kwa padre. Sikuombi kama mtu wa barabarani. Wewe ulikuwa hutembei bado, tulipotoka kwa Gidamis na maziwa, na mgongo uliokubeba ni huu.

Na jambo lenyewe linaelekea kuisha vizuri. Wazee wa pande mbili wameonana. Wameamua Philomena atarudi kwa mumewe Jumapili inayofuata Pasaka, aje na shangazi yake Fransiska, kondoo mmoja na pombe, apige magoti mbele ya ukoo, aombe msamaha kwa Joakimu na kwangu kwa kosa la bima. Mimi nilifikiri atakataa, ana kiburi cha shule yule. Lakini Fransiska alipita hapa juzi akasema Philomena hakuuliza kondoo wa nini wala magoti ya nini. Aliuliza tu kama Zita bado anamjua.

Joakimu anakusalimu, mama yake mdogo, na anatembea kwa fimbo moja sasa. Bura anakusalimu na anauliza tumbaku ya huko. Helena wa mama mkubwa ameolewa tena, usiulize. Wasalimie wote, na shemeji mwambie mgongo asiukalie, autembeze. Mungu awafunike kama alivyotufunika sisi wakati zizi lilipobaki tupu.

Jumapili hiyo ukiwa misani nikumbuke. Saa hiyo nitakuwa nimevaa kitenge ulichonitumia, nimekaa kwenye kiti, na Philomena yuko chini. Nimeshayapanga maneno nitakayomwambia, nayajaribu nikiwa peke yangu shambani. Nitamshika bega mbele ya watu wote, nitamwambia, inuka mwanangu, kila mtu hukosea, mimi nimekusamehe.

Ni mimi dada yako niliyekubeba, na ninayekupenda bado,
Tekla, mama Joakimu