Vifaranga wa Mama

Alhamisi, 8 Mei 1986
Malori yanaosha barabara za Kyiv tangu alfajiri. Moto wa kile kituo cha nyuklia umedhibitiwa, wanasema – lakini stesheni imejaa kina mama na watoto. Zinaida, mkuu wangu wa maabara na mama wa ubatizo wa Uliana wangu, kasema nimpeleke mtoto kwa bibi yake. Kule msituni upepo haukufika. Mtoto wake mwenyewe kampeleka Odesa. Wenye vyeo ndivyo walivyo. Nimempeleka Uliana. Kalia kidogo, kaona kuku, kanyamaza.

Jumatatu, 19 Mei
Zinaida anataka vifaranga wa kulinganisha, wasiopitishwa kwenye mashine yetu ya mionzi. Wa mama yako, ndugu yangu, kasema, wa kijijini ndio safi! Mama kawatuma kwa dereva wa maziwa, na mkate mweusi humo humo kwenye boksi. Wameudonoa nusu. Mama bwana!

Jumanne, 27 Mei
Nimeanza kupasua wale wa mashine. Nimezoea – kifaranga mishipa yake bado inakua, mionzi humshika hapo kwanza. Kuta zinalegea, damu inavuja chini ya ngozi ya bawa, vitone vyekundu.
Kisha wa mama. Vitone vilevile!
Nikadhani nimechanganya boksi. Nikapasua mwingine. Na mwingine. Hawa hawajaiona mashine. Wamedonoa nyasi za uani kwa mama, basi. Uani humo ndimo anamocheza Uliana.
Nikamkimbilia Zinaida. Hakushtuka! Akavua miwani. Eti alisikia upepo uligeukia kule msituni – wiki moja tu baada ya mtoto kuondoka – ndiyo maana akawataka vifaranga hao. Alitaka kuhakikisha kwanza. Kuhakikisha! Na mwanangu je? Ungepiga kelele, kasema, wangetufungia maabara. Usiwe mtoto.
Mwanamke huyu alimshika Uliana akibatizwa kwa siri jikoni kwangu, mapazia yamefungwa. Chama kingejua, tungefukuzwa kazi sote wawili. Nilimwamini kuliko ndugu wa tumbo moja. Mkuki kwa nguruwe – nimechoma vifaranga miaka yote hii bila kupepesa jicho. Leo ni zamu ya mwanangu.

Jumatano, 28 Mei
Posta. Mama kaitwa kwenye simu ya shamba la ushirika. Nikamwambia mfungashie mtoto, nakuja na basi la saa nane. Kisha ile sauti ya kunibembeleza, ya nilipokuwa na homa.
Zinaida kampigia jana jioni! Kamwambia kazi imenichosha, naona mambo yasiyokuwepo, mtoto asitolewe. Mwanangu, kasema mama, mwenzio ni daktari wa sayansi. Wewe unapasua kuku tu.
Nikapiga kelele, foleni nzima ikageuka. Mama, usimpe mayai! Usimpe maziwa! Akasema ngoja, ongea na mtoto, labda utatulia.
Uliana mdomo umejaa. Nikamuuliza anakula nini. Kasema kuku wa bibi kataga yai majanini, nje kabisa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeliona –