Mansuri wa Bi Hidaya

Alhamisi, 1 Rajabu 1334

Nimechemsha mihogo, nimeipeleka stesheni kabla jua halijakaza. Treni imejaa askari. Hawakununua, walichukua. Mdachi mmoja alisimama anatazama, akageuza uso. Basi.

Mchele hakuna. Sukari hakuna. Mhindi wa dukani amebaki na karatasi za kufungia sukari, ndizo ninazoandikia. Marehemu baba alinifundisha herufi chuoni kwake na sasa siwezi kukaa na jambo kifuani bila kuliandika.

Alasiri nimekwenda hadithini kwa Bi Hidaya, ua wa nyuma, pamoja na mtaa mzima. Tangu vita vianze anatusimulia hadithi ile ile moja. Mansuri kapotea na msafara, mkewe Nasra anamngoja, Ami Jabu anataka mali. Kila Alhamisi kipande kimoja, na hukikatisha palipo patamu. Zamani alisimulia usiku, sasa mafuta ya taa yamekwisha. Wazee hawapendi hadithi za mchana. Hakuna anayewasikiliza.

Jumamosi, 3 Rajabu

Wanawake wa mtaa huu hawana tena maneno yao. Mama Salima kavunja mtungi mtoni, kapiga ukelele: "Dunia imeniinamia!" Hayo ni maneno ya Nasra siku alipofukuzwa nyumbani. Mtungi tu, jamani. Jirani kanikuta mlangoni mwangu mwenyewe, kanishika mabega: "Kumbe ni wewe!" Sasa angekuwa nani? Ugali ukiungua, Ami Jabu kapita. Mtoto akipiga chafya, roho ya mama ilikwisha kugonga. Nikisikia tena roho ya mtu imegonga, nitapiga mtu.

Lililo baya kuliko yote ni hili: "Hujaona maiti, hajafa." Nasra alilisema pale Ami Jabu alipomletea kanzu ya Mansuri yenye damu. Na kweli Mansuri alikuwa hai, pangoni. Ua mzima ulipiga vigelegele siku ile. Tangu hapo wake za wapagazi wanaamkiana kwa neno hilo, wanaagana kwa neno hilo. Wanaume wao walikamatwa na askari wa boma wabebe mizigo ya vita, hawajasikika tena.

Zuhura mdogo wangu ni mmoja wa wake hao. Mumewe Athumani, mwashi, alikamatwa akiwa juu ya ukuta, udongo mikononi. Sasa Zuhura anakaa kwangu. Neno lile analisema hata akiwa peke yake jikoni. Namsikia.

Alhamisi, 8 Rajabu

Siku mbaya.

Asubuhi kaja kijana wa Kiluguru, Mkude, kwao Matombo. Alikuwa pagazi pamoja na Athumani. Miguu imevimba, wamemwacha njiani kama mzigo usiofaa, amejikokota hadi hapa. Kabla ya kwenda kwa mama yake kaja kwetu. Sitausahau wema huo.

Athumani amekufa. Kuhara damu, njia ya Mahenge. Wamemfukia kando ya njia, askari anawahimiza. Hakuoshwa. Hakusaliwa.

Zuhura hakulia. Kamuuliza neno moja: "Ulimwona uso?"

Mkude katazama chini. "Walikuwa wamekwisha kumviringisha kwenye gunia, dada. Lakini ni yeye. Jana yake nilimnywesha maji."

"Basi hujaona maiti," kasema Zuhura, na akamkaribisha uji.

Alasiri habari imefika uani kabla yetu. Wote wamemkumbatia, wote neno moja, Mama Salima kwa sauti kuliko wote. Ningewaziba vinywa kwa majivu.

Ijumaa, 9 Rajabu

Mwalimu wa msikitini kamsikiliza Mkude. Kasema Zuhura akae eda, na Athumani asaliwe ingawa hayupo. Zuhura kaingia ndani, katoka na wanja machoni na mafuta kichwani. Wenzake wamemsifu. "Kama Nasra!" Mimi nimeona haya mbele ya mwalimu wa watu.

Namwonea huruma na ananiudhi, yote mawili kwa pamoja.

Alhamisi, 15 Rajabu

Hadithini, Nasra kanyoa nywele, kavaa nguo za kiume, katoka kwenda kumtafuta mumewe. Bi Hidaya kakatisha pale kwenye njia panda.

Sikumtazama Bi Hidaya. Nilimtazama Zuhura. Nimeogopa.

Jumamosi, 17 Rajabu

Ndivyo. Nimemkuta anakunja pindo la kanzu ya Athumani. Kando yake mfuko wa unga wa mtama, kausaga mwenyewe kwa siri. Anakwenda Mahenge. Kwa miguu, mwanamke peke yake, njia imejaa askari na njaa na maiti wasiozikwa. Nimemuuliza atapita wapi. Kasema atangoja Alhamisi asikie Nasra kashika njia gani, ile ya mlimani au ile ya bondeni.

Nilimpiga kofi. Hakurudisha, hakulia. Kaendelea kushona.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, alikuwa akisema mama. Hakuziona safari za siku hizi.

Jumatatu, 19 Rajabu

Nimemwendea Bi Hidaya peke yangu. Nilikaa kitako chini, nikamshika goti kama mtoto. Nimemwambia: shangazi, Mansuri afe. Alhamisi hii. Afe, na maiti yake ionekane, mbele ya Nasra, bila shaka yoyote. Zuhura hatanisikiliza mimi wala mwalimu. Wewe atakusikiliza.

Kauliza kama najua Hamisi wake aliondoka lini.

Najua. Mtaa wote unajua. Hamisi ni mwanawe wa pekee, walimchukua mwanzo wa vita. Nilikuwa nimesahau. Tumezoea kumwona bibi huyu anasimulia, hakuna anayemuuliza lake.

Kasema: "Nikimuua Mansuri nitabaki na nani?"

Nikaondoka.

Jumanne, 20 Rajabu

Nimerudi kwake. Nimesema neno baya. Nimesema Hamisi hadithi haimrudishi, lakini Zuhura yuko hai, yuko nyumbani kwangu, na Ijumaa hatakuwapo. Kaufunga mlango taratibu, si kwa hasira.

Sijutii. Najuta. Sijui.

Alhamisi, 22 Rajabu

Ua ulijaa hadi kwenye ngazi. Zuhura alikaa mbele kabisa, mfuko wake wa unga ameuacha nyumbani karibu na mlango. Mimi nyuma, karibu na jiko la Bi Hidaya.

Bi Hidaya hakuanza kama anavyoanza siku zote. Alianza tu. Nasra kashika njia ya bondeni, kafika kijijini, kaambiwa yuko mgeni amelala msikitini. Watu wakaanza kucheka kwa furaha, wengine wamekwisha kusema kumbe ni yeye, kumbe ni yeye. Bi Hidaya kasema: ndiye. Amekufa alfajiri.

Mtu kasema, "Uso je?" Kasema uso uko wazi, Nasra ameushika.

Mama Salima kasema labda amezimia. Bi Hidaya kasema amepoa.

Kisha kamwosha. Sijapata kusikia hadithi ya namna hiyo. Kasimulia maji yalivyotekwa na kupashwa moto kidogo, pamba, kafuri, nani kashika kichwa, nani kamwaga. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Hakuharakisha. Kafika begani, kasema hapo mwoshaji alipita polepole kwa sababu ya kovu la moto alilolipata utotoni, alipoangukia jiko.

Mansuri hajawahi kuwa na kovu. Mwenye kovu la jiko begani ni Hamisi. Sote tumemwona akichota maji kifua wazi, tangu angali mdogo. Watu walitazamana. Mimi nilitaka kusimama niseme basi, shangazi, inatosha. Sikusimama.

Kamkausha, kamvika sanda, kamsalia, kamzika. Kataja hata kina cha kaburi. Aliposhusha mikono kasema hadithi imekwisha.

Hapo ndipo Zuhura alipolia. Alianguka ubavu, akalia sauti ambayo sijaisikia tangu tuzaliwe, anamwita Athumani kwa jina. Tulimbeba wanne.

Wanawake waliondoka wanamlaani Bi Hidaya. Kwamba kazeeka, kaharibu hadithi, hawatakanyaga tena. Hawajui ni mimi. Sikuwaambia.

Ijumaa, 23 Rajabu

Zuhura kanawa wanja. Kaomba nguo za eda. Baada ya sala ya Ijumaa wamemsalia Athumani. Mwalimu kashukuru Mungu kwamba moyo wake umelainika. Nimesema amina.

Unga wa safari tumeupika uji. Ulikuwa mzuri, alikuwa ameukaanga kidogo usiharibike.

Jumatatu, 26 Rajabu

Mvua mlimani, mto mwekundu. Sijauza kitu. Mlango wa Bi Hidaya umefungwa tangu Alhamisi. Nimepita mara mbili na kurudi. Mimi si mwoga, lakini nimerudi.

Alhamisi, 29 Rajabu

Alasiri hakuna aliyekwenda uani. Nimekwenda mimi, na mihogo kwenye ungo.

Kafungua. Kajitanda nguo nyeupe hadi kichwani. Kanzu za Hamisi amezifua, zimekunjwa juu ya kitanda, kasema Mkude apewe, kijana hana nguo. Hakuna mtu aliyemletea habari ya Hamisi. Hakuna pagazi, hakuna barua, hakuna chochote. Alimzika mwenyewe, mbele yetu.

Nilitaka kuomba radhi. Kanizuia kwa mkono. Kauliza kama Zuhura anakula.

Nikasema anakula.

"Basi mmoja amepona," kasema.

Kaleta kisu cha pili. Tumemenya mihogo, sisi wawili, hadi adhana ya magharibi.